Kuvusha boti ya tanga Mfereji wa Panama: anza na kamba

Nimevuka Panama mara kadhaa kama mshika kamba kwenye boti za watu, na karibu kila safari namkuta nahodha anahangaika na injini na makaratasi wiki nzima halafu kamba anaziangalia siku ya mwisho. Hapo ndo boti zinaumia. Naelezea ukitokea Colón, upande wa Atlantiki.

Hatua ya 1, kupimwa. Mpimaji wa mamlaka ya mfereji anapima kila kitu, hadi nanga iliyochomoza omoni na vyuma vya kuning'inizia dingi (kile kiboti cha ziada) nyuma, kwa hiyo usitegemee urefu wa kwenye karatasi za kiwandani. Boti ya chini ya futi 65 inapewa mshauri wa kuiongoza, badala ya rubani wa meli kubwa.

Hatua ya 2, kamba, na hapa tulia. Ziwe nne, kila moja futi 125 yaani mita 38, unene milimita 22, na kitanzi kikubwa mwishoni. Kodi tu, wanakodisha pamoja na tairi za kukinga ubavu. Halafu shuka chini ya sitaha na tochi ukague kila kliti, yaani kishikio cha kufungia kamba, imekazwaje, maana nishaona kliti ya tezi iking'oka na kipande cha mbao, chini hakukuwa na bamba la chuma, ni washa tu, vile vipete vya chini ya nati, ndogo kama vifungo vya shati.

Hatua ya 3, watu. Nahodha na washika kamba wanne. Wafundishe mapema: kamba inapita kwenye kliti kwanza ndo unavuta, na usiizungushe mkononi hata siku moja.

Hatua ya 4, mshauri. Chakula cha moto, maji ya chupa ambayo hayajafunguliwa, kivuli, choo kisafi. Basi.

Hatua ya 5, malango ya Gatún, yaani vyumba vya maji vya kukupandisha hadi ziwani. Sola zifunike kwa magodoro, kwa sababu jamaa wa juu ukutani wanarusha kamba nyembamba yenye fundo zito kama ngumi. Ifunge kwenye kitanzi chako wavute. Vyumba vitatu vinakupandisha mita 26 hivi, maji yanabubujika kutoka chini, mara nyingi meli kubwa iko mbele yako, kamba inalegea kila dakika na wote wanne lazima mvute sawasawa, mmoja akichelewa boti inakaa mshazari ikielekea ukuta. Meli ikianza kuzungusha propela iondoke ndo mawimbi makali zaidi, usifungue mpaka mshauri aseme.

Hatua ya 6. Mkilala ziwani msiogelee, mamba wapo. Malango ya Pedro Miguel na Miraflores, upande wa Pasifiki, ni kushuka, sasa unalegeza badala ya kuvuta, ukifunga moja kwa moja maji yanaondoka na boti inabaki inaning'inia kwenye kliti zake. Ukifika Balboa, bandari ya mwisho upande huo, rudisha kamba na tairi kwa wenyewe, tairi usizitupe baharini.