Saspensheni ya Bumu la Telehandla: Tafuta Hitilafu Kabla ya Kununua Akumuleta

Telehandla, yaani mashine ya kuinulia mizigo yenye mkono mrefu unaorefuka (bumu), ikianza kurukaruka kwenye njia ya shamba mpaka dereva alazimike kupunguza mwendo, lawama ya kwanza huiangukia akumuleta, chupa ya gesi inayolifanya bumu licheze kama springi. Mara nyingi akumuleta haina kosa, nayo ni kifaa cha bei. Bumu hukakamaa kwa sababu nne: umeme haufiki, valvu imeganda, gesi imepungua, au gesi imezidi. Zote zinaweza kutofautishwa kwa dakika chache bila kufungua mpira wa mafuta hata mmoja.

Kwa mashine nyingi za shambani, swichi ya saspensheni iliyo kebini hupeleka umeme kwenye valvu mbili za solenoidi, yaani zinazofunguliwa kwa sumaku ya umeme. Ya kwanza huunganisha upande wa chini wa silinda ya kuinulia, ule unaobeba mzigo, na akumuleta yenye gesi ya naitrojeni. Ya pili hufungulia upande wa juu wa silinda njia ya kurudi tangini. Hii ya pili ndiyo inayosahauliwa sana. Ikibaki imefungwa, pistoni haiwezi kupanda, na bumu litakuwa gumu hata gesi ikiwa sawasawa.

Kwa hiyo anza na jaribio la kukandamiza. Simamisha mashine mahali tambarare, rudisha bumu lote ndani, ondoa watu mbele. Zima saspensheni, kisha teremsha bumu mpaka baketi likandamize ardhi: magurudumu ya mbele yanapaswa kunyanyuka. Washa saspensheni, rudia: safari hii yasinyanyuke, maana mafuta ya kukandamizia yanakimbilia tangini. Yakiendelea kunyanyuka, valvu ya pili haifunguki. Yasiponyanyuka hata saspensheni ikiwa imezimwa, valvu hiyo imeganda ikiwa wazi, au valvu ya kupunguzia presha ya upande huo imelegea. Kwenye mashine zenye otomatiki, chagua hali ya kuwasha kwa mkono, kwa kuwa otomatiki huamka mwendo ukishafika kiwango fulani. Ikikubali kwa mkono lakini ikagoma kwenye otomatiki, angalia sensa ya mwendo na waya wake.

Valvu isipofunguka, fuata umeme: fyuzi, rilei, kisha soketi iliyo kwenye koili, yaani waya uliozungushwa unaotengeneza sumaku ya valvu. Hapo ndipo matope na samadi hutengeneza ile kutu ya kijani. Koili ya volti 12 na wati 20 inapaswa kusoma takribani omu 7. Ikisoma sifuri itakuwa inachoma fyuzi, na mita isiposoma kitu waya wa ndani umekatika. Swichi ikiwa imewashwa, sogeza ncha ya bisibisi kwenye nati ya koili: inapaswa kuvutwa na sumaku. Sumaku ikiwepo na bumu bado gumu, uchafu umeishika nondo ya ndani ya valvu.

Umeme na valvu vikiwa salama, geukia gesi. Vingirisha kipande cha mpira kwenye nondo ya silinda ili kikuonyeshe nondo imecheza kiasi gani, kisha pita polepole juu ya tuta, mara moja baketi likiwa tupu na mara moja likiwa na mzigo halali. Likicheza tupu na kukakamaa likiwa na mzigo, gesi imepungua: mafuta yameijaza akumuleta mpaka mwisho. Likicheza na mzigo tu, gesi imezidi. Likikakamaa mara zote mbili, ama gesi imekwisha kabisa ama hukumaliza kazi ya valvu.

Kupima gesi kunahitaji kifaa chake maalumu, na presha ya mafuta iwe sifuri kwanza. Kuzima injini hakuiondoi. Laza bumu chini, zima injini, washa swichi ya umeme na saspensheni, chezesha levya, kisha fungua taratibu skrubu ya kutolea presha jinsi kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Usitafute uvujaji kwa mkono. Tumia kipande cha boksi. Mafuta yakipenya ngozi, hata kwa kitundu kidogo kisichouma, mgonjwa aende hospitali saa hiyohiyo.

Soma kipimo cha gesi kwenye kibati cha akumuleta, usikikisie. Kwa kawaida hutolewa kwa nyuzi 20 za Selsiasi; kwenye nyuzi 35 geji itaonyesha takribani asilimia 5 zaidi, na hiyo si hitilafu. Ukigusa valvu ya gesi yakatoka mafuta, utando wa ndani unaotenganisha gesi na mafuta umepasuka: sasa nunua akumuleta. Jaza naitrojeni kavu peke yake. Oksijeni ikikutana na mafuta hulipuka, na hewa ya kompresa ina oksijeni ndani yake.

Bumu likishuka taratibu saspensheni ikiwa imewashwa tu, uvujaji uko kwenye bloku ya saspensheni, pale zilipofungwa valvu zake. Likishuka hata ikiwa imezimwa, shuku sili za pistoni au valvu ya usalama iliyo kwenye silinda. Kushuka kidogo baada ya kazi ni kawaida, kwa kuwa mafuta yanayopoa hunywea karibu asilimia 0.7 kwa kila nyuzi 10.

Baada ya matengenezo, inua na teremsha bumu mara kadhaa kutoa hewa, kisha pima mafuta bumu likiwa chini na limerudi ndani. Unapowasha saspensheni mara ya kwanza, mtu asisimame karibu na baketi: akumuleta iliyobaki na presha ya mzigo mkubwa inaweza kulirusha juu bumu tupu.