Transfoma ya volti 12: ipime ikiwa na kazi

Ukinunua transfoma ya mtumba pale Kibuye, Kisumu, usiamini namba ya kwanza kwenye mita. Iliyoandikwa volti 12 ikipimwa tupu yaweza kusoma 14 au zaidi, na ni nzima kabisa. Mbovu nayo yaweza kusoma 14 vizuri tu, halafu ukiipa kazi inazimia.

Mimi hutembea na balbu ya breki ya boda, volti 12 wati 21. Naifunga kwenye nyaya za kutokea, mita naiweka kwenye AC, ile V yenye kiwimbi (ukiweka DC itasoma karibu sifuri, ulaumu transfoma bure), kisha napima balbu ikiwaka. Ikikaa karibu na 12, nalipa. Ikishuka hadi 8, mwenye duka abaki nayo. Hiyo ni kwa transfoma ya ampea 2 kwenda juu. Ya kengele ya mlango ipe balbu ya wati 5.

Zile nyepesi za kielektroniki za taa za halojeni huchanganya mita ya kawaida, usizipime hivi. Na upande wa kuingilia una 240, ufunge tepu kabla hujachomeka.