Kabla hujalipia kiwanja Dodoma, pima kwanza neno "kama"

Tangu Serikali ihamie Dodoma, viwanja vya Nala, Ihumwa, Iyumbu na Nzuguni vinanadiwa kila siku. Mnunuzi hujiandaa kwa pesa na mashahidi, na hapo anajiona yuko tayari. Mimi naomba ajiandae pia kwa neno "kama", kwa sababu wengi wanaopoteza akiba zao hawakuambiwa uongo. Waliambiwa jambo la kweli, wakaligeuza wenyewe.

Anza na bikoni, yaani nguzo fupi za zege za kuonyesha mipaka ya kiwanja. Dalali atakwambia, "Kiwanja kikipimwa, kinawekwa bikoni." Ni kweli. Kisha anakuonyesha zege limechomoza kwenye nyasi, na wewe unahitimisha kwamba kimepimwa. Hapo umeteleza. Sharti lilisema kupimwa huleta bikoni, halikusema kwamba hakuna kingine kinachoweza kuzileta. Mfuko wa saruji na fundi wa nusu siku wanatosha. Mdogo wangu alilipa kwa kuona bikoni nne zilizosimama wima, kumbe muuzaji alizisimika mwenyewe, na ile pesa ilikuwa ya miaka sita ya kuuza alizeti. Inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo kabla hujaenda kuona eneo, omba namba ya kiwanja na kitalu, na ukifika ulinganishe namba za bikoni na zilizo kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Kurudi nyuma kutoka kwenye bikoni hadi kwenye upimaji kwa njia halali kupo, ila kwa kukanusha tu: kama bikoni hazipo, na hazikung'olewa, basi hakijapimwa.

Kosa la pili ni pacha wa hilo. "Mwenye hati ni mmiliki, mzee huyu hana hati, basi si mmiliki." Hoja inasikika vizuri, lakini haisimami, kwa kuwa hati siyo mlango pekee wa umiliki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki miliki ya kimila. Mzee wa Kigogo anayelima uwele pale tangu ujana wake anaweza kuwa na haki bila karatasi yoyote mkononi. Nenda ukamsalimie na kumsikiliza kabla ya kuzungumza bei na mtu mwingine.

Jiandae pia kutafuta kinachoweza kuivunja hoja, si kinachoipamba. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason aliandika kuhusu jaribio la kadi nne, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili; zinazoonekana juu ni E, K, 4 na 7. Kanuni ilikuwa: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa. Ufunue zipi ili kuihakiki? Wengi huchagua E na 4. Jibu ni E na 7. Kadi ya 4 haiwezi kuivunja kanuni hata ikiwa na herufi gani nyuma, ila 7 ikiwa na irabu, kanuni imekufa. Katika kiwanja, 7 yako ni upekuzi kwa Msajili wa Hati: huko ndiko utakakokuta jina la mtu mwingine, rehani ya benki au zuio, kama vipo.

Halafu kuna hoja yenye umbo sahihi kabisa na bado inakuangusha. "Kingekuwa na mgogoro, majirani wangesema. Hawajasema. Basi hakina." Umbo halina kasoro. Kasoro iko kwenye sentensi ya kwanza: je, majirani wangesema kweli, kama ni ndugu wa muuzaji, au kama hakuna aliyewauliza? Rudi siku nyingine bila dalali, uulize nyumba tatu.

La mwisho ni kianzio. "Bila kianzio leo, hupati." Maana yake kianzio ni lazima. Haina maana kwamba ukikitoa utapata. Muulize dalali swali hilo moja kwa moja, mbele ya mashahidi: nikilipa leo, na upekuzi ukionyesha jina lingine, pesa yangu inarudi? Jibu lake liandikwe na kusainiwa kabla hujafungua pochi.