Kabla hujaikatia simu yako bima

Natembeza wageni kwa ngalawa hadi kisiwa cha Toten, hapa Tanga, na simu ndiyo ofisi yangu. Ya kwanza iliingia maji ya bahari. Kampuni ya bima ikakataa kulipa. Kumbe maji hayamo kwenye mkataba. Iliniuma mno.

Kwa hiyo anza kusoma visivyolipwa: maji, kuchomolewa mfukoni, kupasuka kioo. Uliza na wewe utachangia kiasi gani ukidai. Tuseme simu ni ya 250,000, bima 40,000 kwa mwaka, mchango wako 60,000: mimi hizo 40,000 ningezitia kwenye kibubu. Kompyuta ya milioni 2 inayokulisha, hiyo ikatie.

Bonyeza *#06#, namba itakayotokea ndiyo utambulisho wa simu yako, iandike daftarini. Risiti usitupe.