Jinsi ya kuandaa tabaka tegemezi la utando mseto wa kuchujia maji

Katika utando wa osmosisi kinyume (kusukuma maji kwa shinikizo kupitia utando ili chumvi ibaki nyuma) wa aina aliyoiendeleza John Cadotte nchini Marekani miaka ya 1970, ngozi ya poliamidi inayozuia chumvi ina unene wa takriban nanomita 100 hadi 200 tu, nayo hukaa juu ya tabaka tegemezi la polisalfoni, plastiki yenye vitundu vidogo, la mikromita 50 hivi, lililotandazwa juu ya kitambaa cha poliesta. Wengi huhangaikia ngozi, ilhali tabaka la chini ndilo linaloamua ngozi hiyo itaundika vipi.

Anza kwa kuamua matumizi. Maji ya bahari huchujwa kwa shinikizo la baa 55 hadi 70, kwa hiyo epuka tegemezi lenye mashimo marefu yenye umbo la vidole, kwani hubanwa likapunguza mtiririko. Kwa osmosisi ya mbele, ambako maji huvutwa na myeyusho wenye chumvi nyingi na shinikizo ni dogo, tafuta tegemezi jembamba lenye uwazi mwingi, kwa sababu chumvi inayonaswa ndani yake hudhoofisha nguvu ya kuvuta maji.

Yeyusha polisalfoni, asilimia 15 hadi 18 kwa uzito, katika kiyeyushi cha dimethilifomamidi, ukifanya kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Subiri viputo viishe, tandaza kwa kisu maalumu, kisha zamisha mara moja katika maji. Polisalfoni ikizidi, vitundu hupungua na maji hupita kwa shida. Usiliache tegemezi likauke, maana vitundu vyake husinyaa.

Lilowanishe kwa myeyusho wa diamini wa asilimia 2, halafu pitisha rola ya mpira mpaka uso usionyeshe tone hata moja, kisha mwagia trimesoili kloridi ya asilimia 0.1 iliyo katika heksani kwa dakika moja; diamini na trimesoili kloridi zikikutana ndizo huunda ngozi ya poliamidi. Tone dogo likibaki huacha tundu la kupitishia chumvi, na kwa maoni yangu hatua hii huharibu sampuli nyingi kuliko kemikali zenyewe.

Vitundu vikubwa mno huifanya ngozi ibonyee na kupasuka, na vikiwa vichache, maji hulazimika kusafiri kando ndani ya ngozi kabla ya kupata njia. Tegemezi linalopenda maji nalo si bora daima, kwani poliamidi inaweza kuota ndani ya vitundu na kuvibana.

Pima tegemezi peke yake kwa maji safi kwanza, kisha utando mzima kwa maji yenye miligramu 2,000 za chumvi kwa lita. Mtiririko ukishuka saa za mwanzo huku uzuiaji wa chumvi ukibaki palepale, shuku tegemezi limebanwa. Mtiririko ukiwa mkubwa na uzuiaji hafifu, kagua ngozi.