Jinsi ya kuanza yoga ya asili ukiwa nyumbani Kampala

Wengi hapa Kampala wakisikia yoga wanafikiria kujikunja tu, kumbe kwenye mapokeo ya India yoga ina viungo 8, yaani sehemu zake, na mikao, yaani asana, ni cha 3, kabla yake kuna yama na niyama, yaani maadili kama kutodhuru, kusema kweli, usafi, kuridhika, kwa hiyo anzia hapo jamani, mkeka baadaye.

Mi nafanya alfajiri kabla boda hazijaanza kelele, tumbo tupu, ukishakula matoke subiri kama masaa 3.

Pumzi ndo naipenda zaidi. Kaa mgongo wima, ziba tundu la pua la kulia kwa kidole gumba, vuta polepole kwa kushoto, halafu ziba kushoto kwa kidole cha pete, toa kwa kulia, vuta hapohapo kulia, ziba tena kulia, toa kushoto, hiyo raundi moja. Usilazimishe, ukisikia kizunguzungu acha, pumua kawaida.

Mikao chagua michache tu. Mwenye presha au mimba aulize daktari kwanza, na ukipata mwalimu mzuri tulia naye, kuhamahama kila wiki hujifunzi kitu.