Jinsi ya Kutumia Kielezi cha Kiingereza "Hardly"

Mwombaji kazi anayeandika "I work hardly", akikusudia kusema kwamba ni mchapakazi, huwa ametunga sentensi iliyo jirani mno na "I hardly work", yaani kazi ni kama sifanyi. Kosa hili linaeleweka. Tumefundishwa kwamba kivumishi cha Kiingereza hugeuka kielezi kwa kuongezewa "-ly", kama "slow" inavyozaa "slowly", nasi tukaipeleka kanuni hiyo kwa "hard", ambayo haihitaji nyongeza yoyote kwa kuwa ni kivumishi na vilevile ni kielezi. Mwenye bidii, basi, "works hard".

Hapo kale "hardly" ilikuwa karibu zaidi na mzizi wake. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Marko 10:23, ina maana ya "kwa shida", na maana ya leo haiko mbali na hiyo, kwa sababu jambo linalofanyika kwa shida sana ni kama halifanyiki.

Zingatia hasa kwamba neno hili limebeba ukanushi ndani yake, hivyo katika Kiingereza sanifu haliongezewi "not". Sema "I can hardly hear you", nakusikia kwa shida, wala usiseme "I can't hardly hear you". Kwa sababu hiyohiyo hufuatana na "any" na "ever": "There is hardly any water", maji ni kama hakuna, "He hardly ever writes", ni nadra aandike. Ukiwa na shaka, ijaribu sentensi yako kwa Kiswahili ukitumia "ni kama" pamoja na kitenzi kilichokanushwa. Ikiwa maana uliyoikusudia imebaki, kielezi hiki kinafaa.

Mahali pake ni kabla ya kitenzi kikuu, lakini baada ya kitenzi kisaidizi au "be".

Kuna pia matumizi ya kimaandishi ambayo wanafunzi wengi huyaogopa bure, ilhali Kiswahili kina mfano wake. Kielezi hiki kikitangulia sentensi, kitenzi kisaidizi hukaa mbele ya mtenda: "Hardly had we sat down when the rain began", ndio kwanza tumeketi, mvua ikaanza. Kiunganishi kinachofaa hapo ni "when". "Than" huandamana na "no sooner".